Jaribio Lililowekwa Kando

Kuna kazi ambazo ukimweleza mama mkwe wako anakuonea fahari, na kuna kazi ambazo ukimweleza anakutazama, anaitazama kompyuta, kisha anakuongezea chai kwa huruma. Ya mkwe mmoja aliyeitwa Kijani ilikuwa ya kundi la pili. Alikaa mezani sebuleni tangu asubuhi, mikono kifuani, akitazama skrini ambamo ukurasa ulijifungua wenyewe, herufi zikajiandika zenyewe, vitufe vikajibonyeza vyenyewe, na mwishoni ikatokea rangi ya kijani au nyekundu.

"Kwa hiyo," mama mkwe alimwuliza siku za mwanzo, "unalipwa kuangalia mashine ikicheza peke yake?"

"Naangalia kama kuna kitu kimeharibika, mama."

"Na ukiona kimeharibika?"

"Naiambia irudie."

Mama mkwe akatafakari kidogo. "Mwanangu naye alikuwa hivyo hivyo na hesabu," akasema, na hakuuliza tena.

Mwana mwenyewe, yaani mke wa Kijani, alikuwa ng'ambo, kwenye nyumba kubwa ya kutunzia wazee, akiwaogesha na kuwasikiliza wazazi wa watu wengine. Mzazi wake yeye alikuwa hapa, akitunzwa na mkwe. Ndivyo dunia ilivyopangwa siku hizi, na hakuna aliyeulizwa.

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na watu wawili wanaomkosa mtu mmoja. Lakini mkwe na mama mkwe hawakai wakaambiana "nimemkumbuka". Utaanzia wapi? Basi redio ilikaa mezani katikati yao kama mgeni wa heshima, ikiongea kwa niaba ya wote. Wakila, redio iliongea. Wakimaliza, mama alikohoa kidogo, Kijani akashukuru kwa chakula, kila mtu akabeba sahani yake.

Jina la Kijani alipewa kazini. Kampuni yao ilitengeneza mtandao wa miadi ya kliniki: mgonjwa anaufungua kwenye simu, anachagua daktari na saa, anabonyeza Thibitisha, inatokea alama ya kijani, na siku ikifika anakwenda moja kwa moja bila kupigana vikumbo kwenye foleni. Kila mara waandishi wa programu walipogusa kitu, mashine iliupitia mtandao mzima ikijifanya mgonjwa, kuhakikisha hakuna kilichovunjika. Wagonjwa hao wa uongo walikuwa na majina, Mgonjwa Mmoja, Mgonjwa Mbili, na Kijani aliwafahamu kuliko majirani zake. Kila upimaji wa namna hiyo uliitwa jaribio. Likipita, kijani, likianguka, nyekundu. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha bosi akifungua kompyuta anaona kijani tupu, na jina likamganda.

Shida ilikuwa vigeugeu. Jaribio linapita asubuhi, baada ya chai linaanguka, na hakuna aliyegusa hata nukta. Ukiliuliza tena, linapita, kana kwamba halikuwahi kusema neno. Ofisini, na ofisi ni neno la heshima tu maana kila mtu alikuwa kwake na vipokea sauti masikioni, waliweka utaratibu: jaribio likianguka, lirudiwe, likianguka tena, lirudiwe tena, likipita mara moja tu, lihesabiwe limepita. Ni sawa na kumwuliza mtoto kama amelamba sukari mpaka aseme hapana, kisha ukamsifu kwa kusema kweli.

Utaratibu huo uliwafaa wote mpaka hospitali kubwa ilipotaka kujiunga. Wataalamu wake walisema watakuja kuyatazama majaribio yakipita kwa mara moja, bila kurudiwarudiwa. Bosi alikuwa mtu wa sauti ya upole, ule upole unaokufanya ukumbuke mkataba wako unaisha lini. Wa Kijani ulikuwa unaisha mwezi huohuo.

"Nisafishie hivi vigeugeu," bosi alimwambia, "na mkataba wako nitautia sahihi nimefumba macho."

Kijani akaingia kazini kama mtu anayechambua mchele. Jaribio la kwanza lilikuwa na haraka: lilitafuta kitufe kabla ukurasa haujamaliza kufunguka. Aliyeliandika zamani aliliambia lihesabu sekunde kisha libonyeze, kwa hiyo siku intaneti ikiamka na usingizi, kitufe hakipo. Akafuta kuhesabu, akaliambia lingoje kitufe chenyewe kitokee. La pili lilikuwa chafu: likimaliza lilimwacha Mgonjwa Mbili ndani, na linalofuata likija kumsajili linaambiwa huyo tayari yupo. Akalifundisha kusafisha nyuma yake. Lingine lilikuwa na adabu siku zote isipokuwa mwisho wa mwezi, maana liliamini kesho lazima iwe ndani ya mwezi uleule wa leo. Hilo lilimchekesha sana. Akageuka kumwambia mtu, akaikuta redio.

Likabaki moja.

Lilikuwa jaribio la kawaida kabisa. Mgonjwa anachagua nafasi ya kwanza iliyo wazi, anathibitisha, anapata kijani. Kisha jaribio linaingia upande wa mapokezi kutazama kama jina lake lipo kwenye orodha ya siku. Karibu kila mara lilikuwapo. Mara mojamoja, halikuwapo. Alama ya kijani ipo, jina halipo. Kijani aliliambia lingoje zaidi, halikusikia. Akasafisha kila kitu kabla yake na baada yake, halikujali. Akiliendesha peke yake lilipita mpaka akachoka yeye. Akiliendesha pamoja na wenzake, kwa maana majaribio yalikwenda mengi kwa wakati mmoja ili kuokoa muda, likaanguka tena siku lilipojisikia.

Akamweleza bosi kwamba huenda majaribio mawili yanashika nafasi ileile kwa wakati uleule. Bosi akacheka kwa upole.

"Basi yanagongana yenyewe kwa yenyewe. Watu hawagongani hivyo, Kijani. Nani na nani watabonyeza nafasi moja kwa sekunde moja? Liweke karantini."

Karantini ilikuwa rafu ya kando ambako jaribio sumbufu huwekwa lisihesabiwe. Likiwa huko linaweza kuanguka kadiri linavyotaka, hakuna atakayelisikia. Kijani akalisukuma huko, na ukuta wote wa majaribio ukawa kijani kama shamba baada ya mvua.

~

Mama mkwe alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Aliona umbo la mlango, aliona rangi, aliona kama aliyeingia ni mrefu au mfupi. Sura ya mtu aliimalizia mwenyewe kwa sauti yake. Kliniki ya macho ilikuwa inatumia mtandao wa kina Kijani tayari, na Kijani ndiye aliyemfundisha. Alikaa naye mezani, simu kati yao, akamwonyesha pa kugusa.

"Maandishi usihangaike nayo, mama. Ukiona rangi ya kijani, jua miadi yako imekubaliwa. Lala usingizi."

Mama akaona kijani, akalala usingizi. Siku ilipofika akavaa viatu vyake vya kutokea, akajipaka mafuta mikono kana kwamba anakwenda kuposwa, akakataa kusindikizwa. Aliporudi, viatu alikuwa amevishika mkononi.

Alisimulia kwa kifupi, akiwa amesimama. Karani wa mapokezi alimwambia jina halipo. Akamwambia alithibitisha. Karani akamwambia, "Umeota, bibi," na watu wa nyuma yake kwenye foleni wakacheka, si kwa ubaya, kicheko tu cha watu ambao majina yao yapo.

"Labda uligusa kitufe cha kurudi nyuma, mama," Kijani alisema kwa adabu zote.

"Niliona kijani."

"Labda kilikuwa kijani cha tangazo."

Mama akavigonganisha viatu kutoa vumbi. "Labda," akasema. Na Kijani akajiona amesaidia.

Mara ya pili alijitahidi zaidi. Alithibitisha, akaona kijani, akaikodolea macho rangi ile mpaka simu ikazima yenyewe. Siku ikafika, akaenda, na karani akamkumbuka. "Bibi, na leo tena?" Safari hii hakuna aliyecheka. Mtu mmoja alimshika mkono akampeleka kwenye benchi, akamwuliza anaishi na nani. Hicho ndicho alichokichukia zaidi kuliko kicheko. Alikisimulia mara moja na hakukirudia.

Wewe unayesoma umeshaunganisha. Usimcheke Kijani. Mtu akishaambiwa na bosi wake kwamba jambo fulani haliwezi kuwapata watu, halafu likampata mama mkwe wake, wa kwanza kutiliwa shaka si bosi.

~

Kikao cha ukoo kilifanyika kwenye simu. Mke alikuwa huko aliko, kaka yake mkubwa kwenye nyumba yake ya geti, Kijani chumbani mlango umerudishwa. Mke aliongea kwa sauti ya kazini, ya mtu aliyezoea kutoa habari mbaya kwa watoto wa wazee. Alisema wazee wa namna hiyo anawaona kila siku, na huanza hivihivi: leo miadi, kesho jiko, kesho kutwa jina la mwanawe.

Ukishaanza kutafuta makosa ya mtu, yanajaa kapu. Shemeji akakumbuka kwamba mama aliwahi kumwita kwa jina la marehemu baba yao. Mke akakumbuka mama alimwuliza habari za baridi mara mbili ndani ya simu moja. Kijani naye, asionekane hana la kuchangia, akatoa habari za chumvi: mboga ya juzi ilitiwa mara mbili. Hakusema kwamba yeye mwenyewe, wiki hiyohiyo, aliitafuta simu yake nyumba nzima huku akiongea nayo. Yeye hakuna aliyemwitia kikao.

Shemeji akatoa uamuzi. Atakuja kumchukua. Kuna chumba cha nyuma, karibu na choo, kitamfaa. Mchana wakiwa kazini mlango utafungwa kwa nje, kwa usalama wake, asije akatoka akapotea. Na simu ichukuliwe kwa sasa, maana ndiyo inayomchanganya.

"Mchukulie taratibu," mke akasema. "Asijisikie vibaya."

"Nitamwambia nini?" Kijani akauliza.

Upande wa pili kengele ya kazini ikalia, mke akaaga. Siku hizi ndoa yao ilikuwa ikiishia hapo kila mara, kwenye kengele hiyo.

Kijani alitoka chumbani akiwa bado anatunga maneno. Hakuyahitaji. Kuta za nyumba ile zilikuwa nyembamba kama karatasi, na mama hakuwa na shida ya masikio. Alikuwa amekaa mezani, simu ameiweka mbele yake, skrini chini.

"Ichukue," akasema. "Nisije nikampigia marehemu."

Kijani akaichukua. Alitafuta pa kuiweka, akaiweka juu ya kabati, mahali ambapo mama hafiki, kisha akaona amefanya jambo la ajabu, lakini kuishusha tena kungekuwa la ajabu zaidi. Ikakaa hukohuko.

Toka siku ile mama akabadilika. Alisimama jikoni na kijiko cha chumvi hewani akiuliza, "Nimeshatia?" Alifunga mlango, akarudi kuushika, akarudi tena. "Umekula?" alimwuliza Kijani mchana, na baada ya kitambo akamwuliza tena, kwa woga, kama mtu anayekanyaga ngazi gizani. Kijani alimjibu kwa upole mara zote. Na kila alipojibu alisema moyoni kwamba mke wake hakukosea, huanza hivihivi.

~

Siku moja kabla ya shemeji kuja, bosi alipiga simu kumpongeza. Ukuta wote ulikuwa kijani. Wageni wa hospitali kubwa wangeutazama kesho yake. Kilichobaki, alisema, ni ile karantini. Mgeni anaweza kuuliza kuna nini humo, na maswali hatuyataki. "Lifute tu. Halina faida kwa mtu."

Mama alikuwa ng'ambo ya meza, akikunja nguo zake na kuzipanga kwenye begi. Alizikunja kwa kupapasa, pindo kwa pindo, vizuri kuliko wengi wanavyokunja kwa kuona. Kijani alifungua karantini, na mama akainua kichwa.

"Kuna chekundu hapo."

"Ni jaribio moja tu, mama. Nalifuta."

"Limefanya nini?"

"Halieleweki. Leo linasema hivi, kesho vile."

"Linasema nini?"

Kijani alimjibu huku mkono uko kwenye kitufe, kama mtu anavyomjibu mtoto. "Linasema mtu amethibitisha, amepata kijani, lakini akienda mapokezi jina halipo."

Redio ilikuwa ikiongea habari za mvua. Mama akamaliza kukunja blauzi aliyokuwa nayo, akailaza juu ya nyingine, akaipigapiga ilale.

"Na hilo nalo," akasema, "mnalipeleka kwa mwanawe?"

Kijani alicheka kidogo, maana lilikuwa la kuchekesha. Kicheko kikafika nusu ya njia kikakosa pa kwenda. Akauondoa mkono kwenye kitufe.

Akazima redio. Mama akashtuka, haikuwahi kuzimwa wakiwa wamekaa wote wawili. Kijani akamwuliza ile siku alibonyeza wakati gani, na alibonyeza wapi. Mama akamwambia si anajua mwenyewe, daktari wa macho anakuja mara moja kwa wiki, na nafasi zake hufunguliwa asubuhi, mlio wa taarifa ya habari unapolia redioni.

"Sote tunangoja na simu mkononi. Mlio ukilia tu, tunagusa ile ya juu kabisa."

"Kwa nini ya juu kabisa?"

Mama akamgeukia. Ni kama alimwonea huruma tena, ile ya siku za mwanzo.

"Hatuoni, mkwe wangu. Utasoma saa gani na saa gani kwa macho haya? Ya juu ndiyo unaweza kuigusa bila kusoma."

~

Kazi iliyofuata haikuchukua hata muda wa chai kupoa. Kijani aliwachukua Mgonjwa Mmoja na Mgonjwa Mbili, akawasimamisha mbele ya nafasi moja, ile ya juu kabisa, akawaambia wabonyeze kwa pamoja, kama watu waliosikia mlio mmoja wa redio. Wote wawili wakapata kijani. Akaingia mapokezi. Jina lilikuwa moja. Akarudia, likawa moja. Akarudia tena. Ukurasa ulikuwa na pupa: ulionyesha kijani mara tu mtu anapobonyeza, bila kungoja kuambiwa kama jina limeandikwa kweli, na wa pili kufika aliangushwa kimyakimya, bila hata kuachwa alama kwamba alipita. Kigeugeu kinachotoa jibu lilelile kila ukikiuliza si kigeugeu tena, ni shahidi.

Alijaribu kufikiria ni watu wangapi wengine waliambiwa wameota. Hapakuwa na namna ya kujua. Kuangushwa kwao hakukuandikwa popote. Walirudi makwao na viatu mkononi, wakakutana na wakwe zao.

Alimpigia bosi. Bosi alisikiliza mpaka mwisho.

"Uliliweka karantini wewe mwenyewe," akasema.

"Ndiyo."

"Na wageni wanakuja kesho."

"Najua."

"Sisemi tusilitengeneze," bosi akaendelea, polepole kama mtu anayemimina dawa kwenye kijiko. "Nasema baada ya wageni. Liache lilipo, kesho ipite, mkataba wako tuumalize, keshokutwa tulishike sote kwa pamoja. Kuna ubaya gani hapo?"

"Mama mkwe wangu wamemrudisha mara mbili."

"Pole sana. Lakini huyo ni mmoja, Kijani."

Mama alikuwa palepale, ameshafunga zipu ya begi, mikono juu yake kama abiria aliyewahi kituoni. Kijani alimtazama. Kisha akalitoa jaribio karantini, akalirudisha kwenye ukuta pamoja na wenzake, na lile la wagonjwa wawili akaliweka kando yake. Utaratibu wa mashine ulikuwa hauna upole: kukiwa na nyekundu moja, hakuna kinachokwenda kwa wateja. Akamwambia bosi ameshalirudisha. Bosi akamshukuru kwa taarifa. Alimshukuru kwa jina lake la kwenye mkataba, si la utani.

Akampigia mke wake. Alieleza vibaya, akianzia mwisho, lakini mke alielewa.

"Kwa hiyo mama hakuwa na kitu," mke akasema.

"Hakuwa na kitu."

"Mimi ndiye niliyesema huanza hivihivi." Kengele ikalia. Safari hii hakuaga haraka, aliiacha ilie. "Mwambie," akasema. Hakusema amwambie nini.

~

Shemeji alifika asubuhi na gari la kubebea mizigo, maana alidhani mama atabeba kitanda. Alimkuta Kijani amempa mama simu yake kwa mikono miwili, akimwonyesha kwenye kompyuta wagonjwa wawili wa uongo, kijani huku na kijani huku, na jina moja. Kijani alieleza kila kitu, pamoja na karantini, pamoja na nani aliyelisukuma humo. Mama alisikiliza akiwa ameielekeza skrini shavu moja, kama anavyofanya akisikiliza redio.

"Kwa hiyo mashine imesema," akasema, "na wewe ukaamini."

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilisema kabla yake."

Shemeji, aliyekuwa bado mlangoni, aliutazama ufunguo wa gari mkononi mwake. Mwisho akasema basi kumbe hakuna haja, mama abaki tu, yeye atarudi zake.

"Nakwenda," mama akasema.

"Lakini huumwi kitu, mama."

"Ndiyo maana nakwenda. Ningekuwa naumwa ningepelekwa." Akasimama, akajifuta magoti. "Nitakaa chumba cha mbele. Huko nyuma weka magunia yako. Ufunguo utakaa kwangu, kwa ndani, na wewe ukitaka kuniona utabisha hodi kama watu wengine."

Shemeji, mwanaume mzima mwenye geti, akasema ndiyo mama, akabeba begi.

Walipobaki wawili, Kijani alimwomba abaki. Aliomba vibaya, akiutazama mlango. Alisema wamekosa, alisema nyumba itakuwa kubwa. Nyumba yenyewe ya vyumba viwili.

"Sijakukasirikia," mama akasema. "Lakini hapa nikishika chumvi, mkono unasita. Nataka nikae mahali ambapo mkono wangu haujajifunza kusita." Akavaa viatu vyake vya kutokea, akavikaza. "Redio ibaki. Wewe ukikaa kimya unazidi."

Gari likaondoka. Mchana wageni wa hospitali kubwa waliutazama ukuta, wakaona nyekundu mbili, wakauliza, wakaelezwa, wakasema watapiga simu.

~

Waandishi wa programu walilitengeneza, wakimlaumu kidogo na kulaumiana zaidi. Sasa ukurasa ulingoja kuambiwa ndipo uonyeshe rangi, na wa pili kufika aliambiwa waziwazi kwamba nafasi imechukuliwa, aguse inayofuata. Kijani akaomba na maandishi yakuzwe. Hilo likawekwa kwenye mambo ya baadaye. Hospitali kubwa ilikuwa bado haijapiga simu. Mkataba ulikuja, mfupi kuliko wa kwanza, na bosi aliutia sahihi macho yakiwa wazi kabisa.

Kijani alikula akiwa amesimama jikoni, kwenye sufuria, maana sahani moja mezani ilionekana kama imesahauliwa na mwenzake. Redio ilishinda ikiongea. Asubuhi ya nafasi za macho, mlio wa habari ulipolia, aliacha kazi, akijua kwamba mahali fulani, kwenye chumba cha mbele, kidole kimegusa ile ya juu kabisa. Hakupiga kuuliza. Kuuliza kungekuwa kuhakikisha, na kuhakikisha alishahakikisha vya kutosha.

Siku ya miadi ilipofika, hakufanya kazi yoyote ya maana. Simu ililia mchana.

"Mkwe wangu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Jina lilikuwapo."

Kijani akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu.

"Karani alilikuta hapohapo," mama akasema. "Nikamwambia aangalie tena."

"Kwa nini, mama? Si alishaliona?"

"Nilitaka alisome kwa sauti."

"Akalisoma?"

"Akalisoma. Foleni nzima ilisikia." Nyuma yake kulisikika mlango ukifunguliwa kwa ufunguo, na sauti ya mama ikabadilika kidogo, ikawa ya mtu anayeingia chumbani kwake. "Macho wataanza na la kulia. Umekula?"

"Nimekula, mama."

Hakuwa amekula. Alingoja aulizwe mara ya pili ili aseme kweli, lakini mama hakuuliza tena. Aliaga, simu ikakatika.

Kwenye skrini ukuta wote ulikuwa kijani, hakuna kilichorudiwa, hakuna kilichowekwa kando. Kijani akauamuru uanze upya tangu mwanzo, si kwa shaka. Ukurasa ukajifungua, jina la Mgonjwa Mmoja likajiandika herufi kwa herufi, na kwa muda kidogo ikawa kama kuna mtu mwingine ndani.